Kubwa Kuliko Nne na Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa ofisi yetu ya mto ameniagiza niandike kumbukumbu za mashine mpya kwa msimu mzima wa masika, kila siku, kwa lugha ya kiofisi. Daftari lake nimemwandalia. Hili ni langu, la yale yasiyofaa kupigwa mhuri.

Kazi yenyewe ni hii. Chini ya daraja kuna ubao wa vipimo uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe, umegawanywa kwa sentimita. Maji yakizidi mita nne na nusu, daraja linafungwa na king'ora kinapigwa ili watu wa nyumba za bondeni wapande juu. Kwa miaka ishirini na sita ubao huo umesomwa na mtu mmoja, mara tatu kwa siku, naye hupiga simu hapa. Tangu Desemba kuna mashine kwenye nguzo ya daraja. Inapima yenyewe kila robo saa na namba zinaingia kwenye kompyuta yangu.

Programu inayozisoma nimeiandika mimi. Nimetumia lugha ya hesabu ambayo unaipa safu nzima ya namba, inalinganisha zote kwa mpigo mmoja. Ukiandika `maji > 4.50`, kila namba inarudishiwa jibu lake: moja ikiwa ni kweli, sifuri ikiwa si kweli. Mkuu ana mzio wa namba, kwa hiyo nimemwekea taa tu kwenye kioo cha kompyuta. Sifuri ni kijani, moja ni nyekundu. Ameipenda kama mtoto aliyenunuliwa filimbi.

Yule msomaji wa ubao, ofisini tunamwita Bwana Sentimita. Ni shemeji yangu, mume wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka mitano kaburini, na kwa miaka hiyo mitano sijamwita mumewe shemeji hata siku moja.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Hakuna wingu. Bwana Sentimita amepiga simu asubuhi. Ukimuuliza namba anaanza na kuku wake, anapita kwa jirani, anazunguka mbingu, ndipo anafika mtoni. Mbili nukta moja nane.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimejiaibisha, bahati njema peke yangu. Nilitaka kuiuliza kompyuta ni lini maji yalikuwa sawasawa na nne na nusu. Katika lugha hii alama moja ya sawa inaamuru, alama mbili ndizo zinazouliza. Nikaandika `maji = 4.50`, alama moja. Vipimo vyote vya miezi miwili vikafutika, pakabaki namba moja tu, nne na nusu. Nikavirudisha kutoka kwenye nakala huku nimeuma ulimi. Nilikusudia kuuliza, nikaamuru. Mdogo wangu angekuwepo angesema ndiyo tabia yangu tangu utotoni.

Jumatatu, 11 Machi

Mkuu ameniita ofisini kwake. "Hebu niambie ukweli," alisema. "Mashine tunayo. Huyu mzee wa simu tunamhitaji bado?"

Nilimwambia nitalinganisha vipimo vyake na vya mashine, halafu nimpe jibu. Sikusema kwamba jibu nilikuwa nalo tayari moyoni.

Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma. Asubuhi aliyokufa mdogo wangu, nilipofungua daftari la vipimo analoweka nyumbani kwao, nilikuta kipimo cha saa kumi na mbili kimeandikwa kwa mwandiko wa mumewe: 4.62. Mke yu mahututi ndani, mume ameshuka mtoni kupima maji. Walifika hospitali saa nne. Daktari alisema wangewahi kidogo tu, angepona. Toka siku hiyo kila anaponipigia simu na namba zake, namsikia mtu aliyeuthamini mto kuliko mke.

Jumanne, 12 Machi

Nimelinganisha. Vipimo mia na themanini vya Januari na Februari, vyake upande mmoja, vya mashine upande wa pili, alama mbili za sawa katikati. Jibu limetoka sifuri mia na themanini. Hakuna moja hata ya dawa.

Nilimpelekea Mkuu karatasi. "Hakupatia hata mara moja?" aliuliza.

"Hata mara moja," nikasema.

Nilirudi mezani nikijisikia mwepesi.

Ijumaa, 15 Machi

Barua imekwenda. Kazi yake inaisha tarehe thelathini na moja, na arudishe ufunguo wa kibanda cha king'ora. Alikuwa na ruhusa ya kukipiga mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Sasa kitapigwa kutoka hapa ofisini, kwa kitufe kilicho mezani kwangu.

Alipiga simu jioni kama kawaida. "Barua yenu nimeipata. Mbili nukta tano sita." Leo hakutaja kuku.

Jumatano, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha saa nzima, paa la choo cha ofisi linavuja.

Ijumaa, 22 Machi

Sijui nianzie wapi, na ni jambo dogo la kitoto.

Nilikuwa namwonyesha Nyundo, fundi wetu wa mashine, jinsi namba zinavyoonekana. Akaniambia nifungue tarakimu zote, anataka kuona mashine yake inapima kwa undani kiasi gani. Nikafungua. Kioo kilikuwa kinaonyesha 2.31, lakini namba yenyewe iliyohifadhiwa ni 2.3087. Nyingine iliyoonekana 2.18 ni 2.1764. Mtu anayesoma ubao kwa macho ataandika 2.31 na 2.18, na atakuwa amesoma sawa kabisa. Lakini ukiiuliza kompyuta kama 2.31 ni sawa na 2.3087, itakujibu sifuri, nayo haijakosea. Wewe ndiye uliyeuliza vibaya.

Namba zenye nukta haziulizwi kama ni sawa. Unatoa moja kwa nyingine, unauliza kama tofauti ni ndogo kuliko kiasi ulichokubali kuvumilia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hili. Nimewahi kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nyundo alipoondoka niliuliza upya, nikivumilia sentimita moja. Moja mia na sabini na saba. Sifuri tatu.

Nilijua jinsi ya kuuliza. Nilitaka sifuri, nikauliza kwa namna itakayonipa sifuri.

Nitamwambia Mkuu Jumatatu.

Jumatatu, 25 Machi

Mkuu alikuwa kwenye kikao mchana kutwa. Kesho.

Jumanne, 26 Machi

Alikuwepo. Nilifika mpaka mlangoni. Aliinua kichwa akasema, "Ehe, mtaalamu wangu!" Nikamwambia nimekuja kuazima mashine ya kubania karatasi. Kesho.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kutwa. Tatu nukta sifuri tisa. Kesho.

Jumapili, 31 Machi

Kipimo chake cha mwisho: tatu nukta mbili mbili. Mashine: 3.2241. Ufunguo ameuleta mwenyewe, amemwachia mlinzi getini, hakuingia ndani. Nilimwona kupitia dirishani. Amekonda.

Jumatatu, 1 Aprili

Saa moja kamili asubuhi simu ikalia. Bwana Sentimita.

"Tatu nukta mbili saba," alisema. "Na kuku mmoja ameliwa na kicheche."

"Bwana, kazi yako iliisha jana. Nani amekwambia upige?"

"Barua mliniandikia mimi. Mto haujapata barua."

Nilicheka kabla sijajizuia. Akakata simu haraka, nadhani asije akakiharibu kicheko hicho.

Ijumaa, 5 Aprili

Anapiga kila asubuhi. Naandika namba zake pembeni ya zile za mashine, kwa penseli. Hajakosea bado. Kwa Mkuu sijakwenda. Nimejiambia baada ya masika, mambo yakitulia.

Jumatano, 10 Aprili

Nyundo amekuja kunywa chai mezani kwangu na kuacha makombo. "Mashine ikishindwa kutuma," aliuliza, "programu yako inasemaje?"

"Inaandika kwamba haijapata kitu."

"Kwenye taa ya Mkuu nayo?"

Nilimwambia nitaangalia kesho. Tatu nukta sita moja.

Alhamisi, 11 Aprili

Choo kimefurika. Kutwa nzima kuteka maji kwa ndoo.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kumwona mwanangu, binti wa marehemu mdogo wangu. Ni fundi cherehani, ana miaka ishirini na nne, anakaa na baba yake kwenye nyumba iliyo juu tu ya daraja. Kwa kawaida nakwenda baba akiwa hayupo. Leo mvua ilinibana, naye akaingia amelowa chapa, akanikuta kwenye kiti.

"Karibu, shemeji," alisema. Akatandika gunia sakafuni asichafue, akaketi.

Tulikaa tukisikiliza cherehani. Binti alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema anakwenda kuazima uzi. Uzi ulikuwa mezani, umejaa.

Ndipo nikamuuliza. Miaka mitano nimelibeba, likanitoka kama kikohozi. "Asubuhi ile, kwa nini ulikwenda kupima maji?"

Hakuuliza asubuhi ipi. "Gari la jirani lilikuwa tayari," alisema. "Njia ya mkato ni hapa darajani, nusu saa tu mko hospitali. Lakini usiku mzima ilinyesha. Nilitaka kujua kama daraja litapitika na mgonjwa ndani. Nikashuka na tochi. Nne nukta sita mbili. Mwisho ni nne na nusu, unajua mwenyewe. Tukazunguka kwa njia ya juu, saa tatu na nusu za matope."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, shemeji. Ulikuwa huulizi, ulikuwa unahukumu." Alisema bila ukali, kama anayetaja hali ya hewa. "Na mimi mwenyewe kila siku najiuliza. Nne nukta sita mbili. Sentimita kumi na mbili tu. Labda daraja lingestahimili. Labda ningepita."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata msibani. Yeye alinitazama viatu, akasema vitahitaji gazeti ndani vikauke.

Nikamwambia yote: jinsi nilivyolinganisha, sifuri mia na themanini, kisha mia na sabini na saba. Na kwamba nimejua tangu mwezi uliopita na nimekaa kimya.

"Na zile tatu?" aliuliza.

"Zipi?"

"Mia na sabini na saba nimepatia. Tatu nimekosaje?"

"Mbili ni majani yaliyoziba mashine. Moja ni yako."

"Moja," alisema, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kisha akacheka, nami nikacheka. "Mwambie Mkuu ukipata nafasi. Mimi nipo tu, siendi popote."

Jumatatu, 15 Aprili

"Umeamkaje, shemeji?" nilimuuliza kwenye simu leo. Nikasikia kuku wake tu upande wa pili. Kisha: "Nimeamka vizuri mno." Alisahau kunipa namba, ikabidi apige tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Mkuu yuko safarini mpaka tarehe ishirini na tano. Nimekwisha kumwandikia maelezo ya kurasa mbili, yako mtotoni mwa meza. Safari hii sitorudi na mashine ya kubania karatasi.

Tatu nukta nane tano. Shemeji anasema kuku waliobaki wamekataa kutoka bandani.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Nguo hazikauki, mkate unaota ukungu. Tatu nukta tisa sifuri.

Jumatano, 24 Aprili

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 26 Aprili

Wamempata leo asubuhi, kwenye matete, mwendo wa saa moja kutoka darajani. Nimekwenda kumtambua mimi, ili binti asiende.

Naandika ilivyokuwa, kwa mpangilio, kabla kichwa changu hakijaanza kunitetea.

Juzi niliingia ofisini saa moja kasoro. Nilikuwa peke yangu na mlinzi. Mvua ilipiga bati hadi husikii kitasa kikigeuka. Niliwasha kioo, taa ilikuwa kijani. Saa moja na dakika tano simu ikalia.

"Shemeji, huku si kwema," alisema, alikuwa anapaza sauti. "Maji yamekuwa ya udongo, yanaleta magogo mazima. Nipo juu ya ngazi, ubao siuoni sawasawa. Nadhani tumeshavuka. Piga king'ora."

"Kwangu ni kijani."

"Basi kijani chako kimelala. Hata mashine yenyewe sijui kama iko hai. Sanduku naliona juu ya nguzo, kule chini sioni kitu."

"Nipe namba, shemeji. Nisije nikakimbiza bonde zima kwa kukisia."

"Haya. Ngoja nishuke."

Nilisikia buti zake kwenye ngazi za saruji, pumzi yake, na chini ya yote ngurumo ya maji. Kisha sauti yake: "Nne nukta tisa tano!"

Nne nukta tisa tano. Nilikuwa nayo. Mtu aliyepatia mara mia na sabini na saba, na mashine ilipokosa yeye alipatia, alinipa namba kubwa kuliko nne na nusu. Kitufe kilikuwa mbali na mkono wangu kwa shubiri moja. Nami nikatazama taa.

Tuna utaratibu kwamba vipimo viwili vikipingana, msomaji anarudia. Utaratibu huo niliuandika mimi, mwezi wa pili, kwa sababu sikumwamini.

"Rudia, shemeji," nikasema. "Mashine haikubali."

Ngurumo ya maji ikafifia kidogo, kisha ikarudi. "Haya," alisema. "Narudia."

Alipokuwa anashuka ndipo nilipofungua jedwali lenyewe, nyuma ya ile taa. Saa kumi na nusu alfajiri, 4.07. Saa kumi na moja kasoro robo, 4.14. Saa kumi na moja, 4.21. Kuanzia hapo hapakuwa na namba. Mistari minane imeandikwa NaN, ambayo katika lugha ile maana yake ni "si namba". Gogo lilikata bomba la mashine chini ya maji, sanduku likabaki juu likituma utupu.

Na kila palipokuwa na utupu, programu yangu ilikuwa imeuliza swali lake lilelile, je, hii ni kubwa kuliko nne na nusu? Ile NaN inajibu hapana kwa kila kitu. Ukiiuliza kama ni kubwa, sifuri. Ukiiuliza kama ni ndogo, sifuri. Ukiiuliza kama ni sawa na yenyewe, sifuri vilevile. Ilipaswa kuulizwa kwanza kama ni namba, ndipo iulizwe ukubwa. Sikuiuliza. Sifuri nane, na mimi nikazipaka zote rangi ya kijani. Kwa karibu saa mbili kioo kilisema salama, ilhali kilikuwa hakijui chochote.

Nilipiga kelele kwenye simu. "Panda juu! Shemeji, acha, panda juu!" Nikabonyeza king'ora kwa mkono wa pili. Saa moja na dakika kumi na mbili. Simu ilibaki wazi. Nilisikia maji, maji tu, kisha sauti ya mwanamke akiita "Baba!" kutoka mbali. Kisha hata maji sikuyasikia.

Watu wa bondeni wametoka wote. Mto uliingia nyumba zao saa mbili kasoro. Walipita ofisini jana kushukuru, mama mmoja akanishika mikono yote miwili akanibusu viganja.

Jumapili, 28 Aprili

Tumemzika jana, pembeni ya mkewe. Mvua ilipungua tukapata nafasi. Binti alisimama wima mwanzo hadi mwisho. Hakunitazama, nami sikumsogelea.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeongeza mstari mmoja kwenye programu. Sasa inauliza kwanza kama iliyopokea ni namba, na isipokuwa namba taa inakuwa nyekundu. Mstari mmoja, dakika nne. Kisha nikaipa vipimo vya asubuhi ile, ione ingesemaje. Saa kumi na moja na robo alfajiri, nyekundu. Kungekuwa bado na giza, yeye kalala.

Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa chooni, mahali pekee penye komeo.

Alhamisi, 2 Mei

Mkuu amesoma taarifa yangu mbele yangu, huku analamba kidole kila akifungua ukurasa. Ni ndefu. Ina sifuri nane, ina "rudia", ina sifuri mia na themanini na wiki tano za kimya changu. Nimeandika kwamba kama ningesema ukweli mwezi wa tatu, angekuwa bado na ufunguo wa king'ora, angekipiga mwenyewe bila kuniomba mimi.

"Unajichongea kwa nini?" aliuliza. "Bomba lilikatwa na gogo. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi andika hitilafu ya mashine, tumalize."

"Mashine ilisema haijui," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyeifanya iseme hapana."

Alivua miwani, akafikicha macho. Si mtu mbaya. Mashine hii aliiomba kwa miaka minane. Alisema ataipeleka kama ilivyo, na kwamba nikae nyumbani mpaka watakaponiita. Nilipofika mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ile karatasi ya Machi bado ninayo, ile aliyotia sahihi yeye. Nikamwambia iko kwenye kiambatisho cha tatu.

Jumapili, 5 Mei

Jua, mara ya kwanza baada ya siku kumi na saba. Nimekwenda kwa binti na nakala ya taarifa. Nisingekubali aisikie kwa watu.

Alikuwa ameketi sakafuni, anakunja nguo za baba yake kuzigawa. Alinipa shikamoo. Nikamsomea yote, ukurasa kwa ukurasa, hata mahali nilipotaka kuruka. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Hakunikatiza wala hakulia. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Mara ya kwanza alikwambia ngapi, Mama Mkubwa?"

"Nne nukta tisa tano."

"Na mwisho wenu ni nne na nusu."

"Ndiyo."

Alilaza shati mapajani, akalinyoosha kola kwa kidole. "Mimi shule niliishia njiani," alisema. "Lakini hiyo naiweza."

Nilisema nisamehe. Nililisema vibaya, limejaa maneno mengi, mara kompyuta, mara utaratibu. Alinisubiri nimalize.

"Baba alikuwa hakubali kurudia," alisema. "Unajua hilo? Wote waliokuwa wakipokea simu kabla yako, wakimwambia rudia, aliwajibu kama hamnisadiki njooni msome wenyewe, anakata. Tangu mimi mdogo. Mama alikuwa anamcheka." Alilikunja shati. "Siku ile nilikuwa juu ya ngazi na mwavuli. Nilimwona amesoma, amepanda ngazi tatu, anakuja. Mara akageuka. Nikamwambia, Baba, umeshasoma, unarudi nini? Akafunika simu kwa kiganja. Akaniambia, 'Ni shemeji. Ndiyo kwanza ameanza kunisemesha, nitamkatia simu vipi?'"

Nilinyoosha mkono nimshike. Akausogeza wake, taratibu, akachukua shati jingine kwenye fungu.

Nilikaa pale mpaka nguo zikaisha, ndipo nikaaga.